Juisi ya Ndizi Iliyovimba Dukani

Huku kwetu Heru Juu ukimwona mtu anamenya ndizi mbivu nyingi, humuulizi anapika nini. Unamuuliza sherehe ni ya nani. Mikungu inafukiwa shimoni na majani yake, moto unawekwa pembeni ili moshi uingie, na ndizi zikitoka humo zimeiva zote kwa pamoja. Tunazimenya, tunazitia kwenye gogo lililochongwa kama mtumbwi, tunazikamua kwa nyasi ndefu mpaka mikono inakufa ganzi. Juisi ikishatoka, unatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, pipa linafunikwa, na keshokutwa watu wanaimba. Mama yangu alinionyesha hivyo, naye alionyeshwa na mama yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema kwamba pale katikati, kabla ya mtama, kuna biashara nyingine imekaa inasubiri mtu.

Aliyesema ni mjukuu wangu. Najisifu kwa ajili yake na sioni aibu. Anayetaka kununa anune, kwetu kuna nafasi ya kutosha ya kununia.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, baba alipoona ng'ombe wanahitaji mchungaji kuliko mwalimu anavyonihitaji mimi. Kusoma najua, kuandika ndiyo hivi. Mjukuu wangu nilimlea mwenyewe, kwa sababu mama yake, binti yangu, yuko Kibondo anauza maharage sokoni na hakai nyumbani. Mtoto akasoma akafika chuo, akasomea usindikaji wa vyakula. Mimi nilikuwa namwambia kila mtu kwamba anasomea usindikaji, na mtu akiniuliza ni nini, nilikuwa nabadilisha mazungumzo.

Aliporudi nilitaka aniambie yote.

"Tulikuwa na mashine ya kukamulia matunda, Bibi. Mpya kabisa."

"Ukaiendesha?"

"Ilikuwa imefungiwa stoo, bado ina nailoni yake. Walisema tutaiharibu. Mwalimu alituchorea ubaoni."

"Sasa mtihani mlifanya wa nini?"

"Wa kuichora. Nilipata A."

Akacheka, ila hakucheka sana. Nikajiuliza, mpishi gani anafundishwa kupika kwa kuchorewa sufuria? Lakini sikumwambia, kwa sababu ng'ombe wangu mmoja alikwenda kwenye ada hiyo na sikutaka kumlilia tena.

Mama yake akapiga simu kutoka Kibondo. Alikuwa ameshapatana na mjomba wa mjukuu wangu, anayeuza makava ya simu Dar es Salaam, kwamba binti aende akasimame dukani. Wenzake wa chuo karibu wote walishaondoka hivyohivyo, mmoja anauza vocha, mwingine anapaka watu kucha. Mjukuu wangu akamwomba mama yake kitu kimoja: ampe mpaka mvua zianze. Kama kabla ya mvua atapata duka la kuchukua juisi yake ya ndizi na likaendelea kuichukua, anabaki. Asipopata, anapanda basi na wala hatanung'unika.

"Juisi ya ndizi," mama yake akasema kwenye simu, nami nasikia maana simu ilikuwa mezani, spika imewashwa. "Kwani kuna mgonjwa huko?"

Basi kazi ikaanza. Fundi wa kuchomelea pale Kasulu mjini alimtengenezea fremu ya chuma, na ndani yake wakaweka jeki, ile ya kuinulia lori likipata pancha. Ndizi unazifunga kwenye mfuko wa kitambaa kigumu, unaziweka chini, unapampu jeki, bamba linashuka. Siku ya kwanza nilivaa kitenge kizuri nikakaa mbele kama mgeni rasmi. Akapampu. Kikatoka kitu kizito kama uji wa mtoto, halafu mfuko ukapasuka ubavuni na uji wote ukanijia kifuani.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, ndivyo ninavyomwita, "hii juisi inatafunwa."

Akanifuta, akakaa chini, akafikiri. Kisha akaniuliza: "Bibi, zile nyasi zinafanya kazi gani?"

Maisha yangu yote nimekata nyasi, nimekamua kwa nyasi, nimewagombeza wasichana wanaoleta nyasi fupi, na sijawahi kujiuliza zinafanya nini. "Zinafanya," nikasema. "Bila hizo haitoki."

Kesho yake akazikatakata, akazichanganya na ndizi ndani ya mfuko, akapampu. Juisi ikachuruzika safi kabisa. Akasema nyasi zinaipa njia ya kupita katikati ya ndizi, kama mifereji. Nilifurahi kuliko alivyofurahi yeye. Nilikuwa na mifereji mikononi miaka yote hiyo bila habari.

Baada ya hapo ilikuwa ni kuchuja, kupasha moto kwa kipimajoto chake alichokitunza kama pete ya ndoa, kusubiri ipoe kidogo ili chupa ya plastiki isijikunje, kujaza na kufunga. Chupa za kwanza zilikaa dirishani kwangu wiki mbili na zaidi, zikabaki tamu. Tatizo likawa maduka. Mwenye duka wa kwanza alituambia juisi ya ndizi ni pombe iliyochelewa. Wa pili hata kuonja hakuonja.

Wa tatu alikuwa mwenye duka la jumla karibu na soko la Kasulu, mtu wa msikitini, mama yake ametoka Tanga, ndiyo maana Kiswahili chake kinateleza wakati sisi Waha chetu kinakwaruza. Ana friji kubwa lenye kioo, na wenye maduka madogo wa vijijini wanachukua bidhaa kwake. Akichukua yeye, wamechukua wote.

"Binti," akamwambia mjukuu wangu, "duka hili haliingii kileo. Baba yangu hakuingiza, na mimi siingizi. Waweza kuniapia?"

"Sikuapii, Baba. Onja hii. Ina zaidi ya wiki mbili tangu nilipoifunga."

Akanusa kwanza, muda mrefu, mpaka mimi nikaanza kuona haya. Akanywa. Akanywa tena, akamwita mke wake kutoka nyuma. Mke akaimaliza. Wakakubaliana tulete kreti za kutosha kujaza rafu moja na nafasi ya chini ya friji.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu kubwa ya kwanza. Tulikamua kuanzia alfajiri. Juisi ikapashwa, ikajaa pipa, na hapo tukagundua gari lililokuwa linaleta chupa mpya limeharibikia njiani na halitafika mpaka kesho yake. Mjukuu wangu akafunika pipa kwa kitambaa safi. Sisi wawili tukashuka Kasulu kwa bodaboda kuzifuatilia zile chupa, tukamwachia nyumba wifi yangu, dada yake marehemu mume wangu, ambaye mlango wake unatazamana na wangu.

"Wifi, tuangalizie pipa, kuku wasilipande."

"Nendeni. Pipa nimeanza kulijua kabla yenu."

Tulilala mjini. Asubuhi yake chupa zikaja, tukarudi nazo, tukajaza, tukapeleka dukani. Rafu ikapendeza. Mjukuu wangu akaipiga picha akamtumia mama yake Kibondo.

Ijumaa mchana simu ikalia.

"Bibi, shikamoo," sauti ya mwenye duka, taratibu. "Naomba mje mchukue vitu vyenu. Vinanguruma."

Tulikuta watu wamesimama nje ya duka kama kuna msiba. Ndani, chupa zimevimba mashavu, nyingine haziwezi hata kusimama, chini zimekuwa duara. Kila baada ya muda kizibo kimoja kinaruka, na povu linashuka kwenye mifuko ya sukari. Harufu haikuhitaji maelezo. Mlevi mmoja wa pale sokoni, ambaye sote tunamjua, alikuwa ameshika kofia yake kifuani kwa heshima.

"Mzee," akamwambia mwenye duka, "kama unazitupa, mimi nina nafasi."

Mwenye duka hakumtazama. Kanzu yake nyeupe ilikuwa na doa kubwa begani. "Bibi yangu," akaniambia, "ya kwanza iliniruka mimi, nikiwa natoka kwenda kuswali. Sikuwa na muda wa kubadili. Nimekwenda msikitini nanukia kilabu. Aliyekuwa pembeni yangu alisogea. Wa nyuma yangu alisogea. Nimeswali nikiwa na uwanja wangu peke yangu."

Ningecheka kama ningekuwa mtu mwingine. Mjukuu wangu akaomba ndoo na kitambaa. Akatoa chupa zote, akafuta rafu, akaosha friji, akapangusa mifuko ya sukari mmoja mmoja. Mwenye duka akamwacha amalize, halafu akasema, bila ukali, kwamba hatachukua tena.

Mama yake alipopata habari hakugomba. Alisema tu kwamba mjomba bado anasubiri, na kwamba huko Kibondo mawingu yameanza kukaa. Mjukuu wangu akaanza kukunja nguo zake. Kilichomuumiza siyo Dar. Alikuwa anajiuliza amekosea wapi. Alipima joto, aliandika, alichuja, kila kitu kama alivyofundishwa. "Labda nilichojifunza ni kuchora tu," akaniambia. Nikaenda kumlisha mbuzi kwa nguvu.

Asubuhi ya pili yake wifi akaingia uani, kibuyu mkononi, uso umechangamka.

"Ile ya kwetu imefikia wapi? Nionjesheni."

"Ya kwetu ipi?"

"Si ile niliyoitia mtama."

Nilimtazama. Akaendelea kuongea, hana wasiwasi wowote. "Mlipoondoka niliinua kitambaa nikaona imekaa tu, haina kitu. Nikaionea huruma. Nikasema hawa wamesahau kwa haraka zao. Nikafunga unga wa mtama kwenye kitambaa nikauzamisha, asubuhi nikautoa msije mkachuja mara mbili. Nanyi hamkunishukuru."

Mimi nilianza kusema maneno ambayo sitayaandika. Katikati ya maneno hayo nikasikia mtu anacheka. Mjukuu wangu alikuwa ameketi chini juu ya nguo zake alizozikunja, anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Bibi, mwache. Bibi. Kumbe sikuchemsha vibaya."

"Mngeniambia," wifi akasema, sasa ameanza kununa. "Mtu anaachiwa pipa la ndizi lisilo na mtama, afanye nini? Alitazame?"

Na kweli, hakuna aliyemwambia. Kwetu kutia mtama hakuhitaji kuambiwa, ni kama kumwambia mtu avae nguo kabla ya kutoka.

Mjukuu wangu akarudi Kasulu siku hiyohiyo, nami nikaenda naye maana nilitaka kumtaja wifi mwenyewe. Mwenye duka alisikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini, binti. Lakini wateja wangu wameniona na doa. Nikiwaambia ni mtama wa wifi yake bibi, watanicheka tena."

"Basi usiniamini, Baba," akasema. "Nitakuletea chupa tatu. Moja nimetia mtama kidogo. Moja imelala pipani usiku kucha bila mtama. Moja nimejaza siku ileile ingali na joto. Ziweke wewe, zifunge wewe, uone mwenyewe."

"Hiyo ya mtama ikishavimba?"

"Utaitupa uani kabla haijafika shavu la mwisho."

Nilimwona anavyopima. Yule ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara kitu asichokijua mwisho wake kinamsumbua. Akakubali, kwa sharti zikae kwenye kabati la kioo la nje, mbali na sukari. Tulipozileta akazungushia kila kizibo karatasi ya gundi na kuweka sahihi yake juu, kama hati ya shamba.

Kuanzia hapo simu hazikukatika. Kwanza alipiga kueleza kwamba ya mtama imeanza kutoa vipovu. Halafu kwamba imetoa shavu. Halafu akapiga mke wake, kwa sababu yeye alikuwa anawaeleza wateja na hana nafasi. Watu waliokuja kununua chumvi walikaa nusu saa. Mlevi wa sokoni alikuja kila asubuhi kuisalimia ile ya mtama, na ilipotupwa uani alivua kofia tena.

Lakini kabla haijatupwa, mwalimu wa sayansi wa sekondari moja ya pale alipita kununua chaki, akasimama mbele ya kabati, akauliza, na kesho yake akarudi na darasa zima. Nilikuwepo siku hiyo. Vijana walijaa barazani, shingo ndefu.

"Huu ndio uchachukaji niliowaandikia ubaoni," mwalimu akasema. "Dada huyu hapa atawaeleza."

Mjukuu wangu akaeleza. Hakuwa na chaki wala ubao, alikuwa na chupa. Akawaambia kuna viumbe wadogo wasioonekana wanakula sukari na kutoa hewa, kwamba mtama unawaleta kwa wingi, na kwamba joto linawaua. Msichana mmoja akanyoosha mkono.

"Dada, itakuja kwenye mtihani?"

Mwenye duka akamjibu kabla yake: "Mtihani ndio huo mbele yako, mwanangu. Wala haukusubiri ujiandae."

Wakacheka. Lakini msichana mwingine, mfupi, alikuwa ameinama karibu kabisa na kioo, akasema: "Mbona na hii ya pili ina vipovu? Si hamkutia mtama?"

Mjukuu wangu akainama naye. Ilikuwa kweli. Ile iliyolala pipani, isiyo na mtama wowote, nayo ilikuwa inaanza, polepole. Akasimama, akawaambia wanafunzi mbele ya mwenye duka: "Basi nami nilikosea. Usiku ule pipa lilikaa wazi chini ya kitambaa, wale viumbe wakaingia wenyewe. Hata bila mtama ingevimba, ingechelewa tu. Dawa ni chupa ziwepo kabla moto haujawashwa, na kila kitu kiishe siku moja."

Nilifikiri amejimaliza. Mbele ya mteja anajitaja? Nikamkanyaga mguu. Mwenye duka akamtazama yule mwanafunzi mfupi, kisha akamtazama mjukuu wangu. Chupa ya tatu ilikuwa imetulia palepale, maji yake yametulia kama kisima.

Wifi niliporudi kumwambia alipiga makofi. "Mnaona. Mlinionea."

"Hatukukuonea. Wewe uliiharakisha."

"Kuharakisha siyo kosa," akasema, na mpaka leo ndiyo kauli yake.

Mvua ya kwanza ilinyesha Kasulu asubuhi ambayo binti yangu alishuka kwenye basi la Kibondo, amevaa koti, amekuja kumchukua mwanawe. Hakupanda hata huku Heru Juu. Alitaka tukutane mjini, basi la kwenda mbali liko karibu. Nikamwambia hakuna ubaya, ila tupite dukani kwanza, kuna kitu chetu kule.

Mwenye duka alituona tunavuka tope. Akamsalimia binti yangu kwa adabu zake za pwani, akamuuliza habari za Kibondo, za safari, za soko, za watoto. Binti yangu anaangalia saa. Kisha mwenye duka akafungua kabati la kioo, akatoa ile chupa ya tatu, akamwonyesha sahihi yake mwenyewe juu ya kizibo, haijaguswa. Akaikata karatasi ile ya gundi. Mjukuu wangu alikuwa ameshika kamba ya begi lake kwa mikono miwili.

Kizibo kikafunguka bila sauti yoyote. Akanusa. Akamimina vikombeni, akampa kwanza binti yangu.

"Onja, dada. Wewe ndiye unayempeleka mbali, onja kwanza unachokiacha."

Binti yangu akaonja. Yeye ni mfanyabiashara vilevile, wa maharage, na nilimwona usoni anavyofanya hesabu asizotaka zionekane.

"Hii inakaa muda gani?"

"Muulize mwenyewe," mwenye duka akasema. "Binti aliyesema mbele ya darasa zima kwamba alikosea, mimi nikimuuliza bidhaa yake ina kasoro gani ataniambia. Hao ninaofanya nao biashara wengi hawaniambii. Nataka rafu ijae Jumatatu. Na kreti za maduka ya Makere, wamekuja kuuliza."

"Chupa zitakuwepo kabla ya moto," mjukuu wangu akasema. Ndilo neno pekee alilolisema.

Basi likapiga honi upande wa pili wa barabara. Binti yangu akamalizia kikombe, akakifuta kwa kidole ndani, kama alivyokuwa akifanya utotoni, akatoa simu. Akampigia mjomba wa Dar es Salaam palepale, amesimama mlangoni, mvua inamlowesha kisigino.

"Kaka, huyu haji," akasema. "Ana kazi. Hapana, siyo ya kuajiriwa, ya kwake. Tafuta mtu mwingine." Akasikiliza kidogo. "Ndizi. Ndiyo, ndizi. Nikija nitakuletea, utajua."

Akakata simu, akamgeukia mwanawe, sauti ya sokoni kabisa: "Na soko la Kibondo nani analo? Mnataka mwendelee kuniacha na maharage peke yake?"